Mnada wa Mama Sawasawa

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyemwita kwa jina lake. Madereva, wapakuzi, hata mwenyekiti wa bodi mwenyewe, wote walimwita Mama Sawasawa, naye aliitika bila kinyongo, kwa sababu jina hilo alilipata kwa jasho. Alikuwa mkuu wa ghala la misaada, jengo refu la bati nyuma ya maegesho ya malori, ambako viwanda, mashamba na maduka makubwa yalileta vitu vya kuwapa wasiojiweza. Kutoka hapo vitu viligawiwa nyumba thelathini na nne: nyumba za yatima, nyumba za wazee, shule ya viziwi, makazi ya wanawake waliokimbia vipigo. Na kila nyumba, itake isitake, ilipata sawasawa.

Usawa huo haukuwa wa mdomoni. Likiingia lori la viazi, viazi vilipimwa, vikagawanywa kwa idadi ya vichwa, na kila nyumba ikachukua fungu lake mpaka robo kilo ya mwisho. Zikija katoni za sabuni, Mama Sawasawa aliketi na kikokotoo chake, penseli sikioni, na hakuinuka mpaka kila kichwa kimepata kipande chake. Wapakuzi walikuwa wakitaniana kwamba huyu mama akiletewa mvua ataigawa kwa kijiko.

Alikuwa na sababu yake. Yeye mwenyewe alilelewa katika nyumba ya yatima, na mpishi wa nyumba ile alikuwa na vipenzi vyake. Wenye vifua walikula kwanza, vipenzi wakafuata, na yeye, aliyekuwa mwembamba kama ufito, alipata kulamba mwiko. Siku alipokabidhiwa funguo za ghala alijiapiza kwamba chini ya mkono wake hapatakuwa na kipenzi wala mwenye kifua.

Taabu yake ilikuwa vitu visivyogawanyika. Mwaka fulani hoteli moja ilileta tanuri la kuokea mikate, zima kabisa. Lilikaa kwenye kona miaka minne mpaka likaota kutu, kwa kuwa halikuweza kukatwa vipande thelathini na vinne. Bodi ilipouliza, alijibu swali kwa swali: "Nikimpa mmoja, wale thelathini na watatu nitawaambia nini?" Bodi ikajikuna kichwa, ikahamia ajenda nyingine.

Ndipo akaja Mchumi.

Alikuwa binti mdogo wa sauti ya chini, amevaa raba na kubeba daftari, ametoka kusomea uchumi na kutumwa na bodi aangalie kazi ya ghala. Mama Sawasawa alitegemea hotuba. Binti hakutoa hotuba. Wiki nzima alipanda lori la mgao pamoja na dereva aliyeitwa Breki, jina alilopewa kwa sababu alisimamisha lori kwa kila aliyempungia mkono. Wiki ilipokwisha, Mchumi akabisha hodi ofisini.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umeona nini?"

"Mama, umewahi kufika nyumba ya wazee siku mbili baada ya mgao?"

"Nikafanye nini? Mgao unafika, karatasi inarudi na sahihi."

"Unafika, kweli. Nimekuta magunia ya mahindi yamepangwa mpaka yanagusa dari. Wazee wale, wengi wao hawana meno. Nyuma ya jengo wana shamba la viazi, na sisi kila wiki tunawapelekea viazi. Halafu viziwi wana sabuni ya kuoshea barabara nzima, lakini mahindi yanawaishia Jumatano."

"Si waseme!" Mama Sawasawa alifungua kabati, akatoa faili nene lililofungwa kwa kamba. "Hizi hapa barua zao. Soma. Kila barua inasema jambo moja: tunahitaji kila kitu. Kuna atakayeandika kwamba yeye ana vya kumtosha?"

"Ndiyo hapo, mama." Mchumi alisogeza kiti. "Kuomba hakumpunguzii mtu kitu, kwa hiyo kila mtu anaomba kila kitu. Lakini mwambie, ukichukua hiki utakikosa kile. Hapo atakuonyesha roho yake iko wapi."

Akaeleza mpango wake. Kila Jumatatu kila nyumba ipewe pointi. Kila Jumanne saa tatu asubuhi wapelekewe kwenye simu orodha ya vitu vilivyomo ghalani. Mpaka saa sita mchana kila nyumba iweke dau la pointi kwenye kitu inachokitaka, bila kuona madau ya wengine. Wa juu anachukua. Pointi zisizotumika zinabaki kwa mwenyewe, wiki hata wiki. Pointi zilizotumika zinarudi kwenye chungu na kugawiwa upya.

Mama Sawasawa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Huo ni mnada."

"Ndiyo, mama. Mnada."

"Unataka yatima wapandiane dau kama watu wanaogombea ng'ombe! Mwenye nguvu ale, mnyonge alambe mwiko!"

"Nguvu watazitoa wapi, mama? Hakuna fedha hapo. Ni pointi, na pointi tunazitoa sisi."

"Toka ofisini kwangu, mwanangu, kabla sijakukosea adabu."

Binti alitoka kwa heshima. Lakini bodi ilikuwa imekwisha kuupenda mpango, ikaamua ujaribiwe miezi minne, na mwishoni mkuu wa ghala aseme kama uendelee au ufe. Mama Sawasawa alikubali kwa sharti moja. Pointi zigawiwe kwa vichwa, na wenye mzigo mzito, kama watoto wachanga na wagonjwa wa kitandani, waongezewe. Mchumi akafungua daftari lake, akamwonyesha ukurasa. Sharti lilikuwa limeandikwa humo neno kwa neno. Hilo lilimkera mama zaidi. Moyoni alisema, miezi minne si mingi. Nitakaa nitazame unavyokwenda mrama.

Jumapili, siku mbili kabla ya mnada wa kwanza, alipika kuku nyumbani. Aliishi na mumewe, fundi saa mstaafu, na mama mkwe wake aliyekula chumvi nyingi lakini akili zikiwa timamu. Mezani nako mambo yalikuwa sawasawa: vipande vitatu kwa kila sahani, vya ukubwa mmoja. Siku hiyo alikwenda jikoni kuchukua maji, na kwa kuwa alisahau glasi, aligeuka mlangoni. Akaona mikono miwili ikipishana juu ya meza. Paja likatoka sahani ya mama mkwe, shingo ikatoka sahani ya mumewe.

"Mnafanya nini?"

Wote wawili wakakauka kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

"Mke wangu," fundi saa akasema, "mama hana haja na paja. Anapenda shingo, aimung'unye taratibu. Na mimi shingo sioni inanisaidia nini."

"Mmeanza lini mchezo huu?"

Mama mkwe akahesabu kwa vidole. "Tangu uolewe hapa, mwanangu. Mwaka wa ishirini na sita huu. Hatukutaka kukuudhi. Unagawa kwa haki mno."

Alicheka, atafanyaje? Walicheka wote mpaka mama mkwe akapaliwa. Kisha mumewe akamuuliza, "Na wewe unapenda kipande gani?" Akafungua mdomo kujibu kwamba kwake vyote ni sawa, akajisikia akisema, "Bawa." Alishangaa. Katika maisha yake hakuwahi kuulizwa, wala hakuwahi kujiuliza. Fundi saa akalichukua bawa lake, akamwekea. Mama mkwe naye akamwekea la kwake.

Jumanne, Mchumi alitundika luninga kubwa kwenye ukuta wa ghala na kuiunganisha na kompyuta. Saa tatu orodha ikaenda. Saa nne, saa tano, ghala lilikuwa kimya, wapakuzi wameketi juu ya magunia, Breki anakula njugu. Mama Sawasawa alisimama nyuma kabisa, mikono kifuani, akisubiri mambo yaharibike.

Saa sita kamili madau yakafunguliwa.

Mara ya kwanza hakuelewa alichokiona. Zilikuwa namba tu, safu kwa safu. Kisha akaanza kusoma. Nyumba ya wazee hawakugusa mahindi. Pointi zao karibu zote walizitia kwenye unga laini wa uji na chupi za wazee, vitu ambavyo hawakuwahi kuviomba hata kwenye barua moja. Viziwi walikwenda kwenye mahindi na kuachana kabisa na sabuni. Makazi ya wanawake waliweka dau kubwa kwenye kitu ambacho yeye mwenyewe alisita kukiandika kwenye orodha, akidhani nani atakitaka: katoni moja ya vitasa vya milango na funguo zake. Vitasa! Akawafikiria wanawake waliokimbia usiku na watoto mgongoni, wanaolala kwenye vyumba visivyofungika, na yeye kila wiki akiwapelekea viazi kwa robo kilo.

"Hii hapa mbona iko chini ya sifuri?" aliuliza, sauti yake imebadilika.

Zilikuwa tani mbili za kabichi zilizokwisha kuanza kunyauka. Hakuna aliyezitaka. Lakini shule ya viziwi walisema wao watazichukua, mradi waongezewe pointi arobaini kwa kulitolea ghala mzigo.

"Watazifanyia nini kabichi mbovu?"

"Kuku, mama," Breki akasema. "Wana kuku mia tatu pale."

"Viziwi wana kuku? Tangu lini?"

"Mwaka wa sita huu."

"Na wewe unaingia pale kila wiki, hukuniambia?"

"Hukuniuliza, mama."

Hakumkaripia. Alivuta sanduku, akaketi mbele ya luninga, na wapakuzi walipoanza kupakia yeye alikuwa bado anasoma. Nyumba thelathini na nne alizijua kwa majina na idadi ya vichwa. Alidhani anazijua. Leo ilikuwa kama watu aliokaa nao chumba kimoja miaka kumi na tisa wamefungua vinywa kwa pamoja, kila mmoja na sauti yake, na hakuna sauti iliyofanana na nyingine.

Wiki zilivyosonga, ghala lilianza kuonyesha sakafu yake. Mizigo haikulala. Nyumba ndogo mbili zilizokuwa jirani zikaomba ziungane kuweka dau moja la gunia zima, wagawane wenyewe huko; Mama Sawasawa ndiye aliyewatetea mbele ya bodi wakaruhusiwa. Nyumba moja ya yatima ilimaliza pointi zote siku moja kwa biskuti, ikalia wiki nzima, na haikurudia tena. Lakini alikuwa hajasalimu amri. Macho yake yalikuwa kwenye mstari mmoja wa luninga uliokuwa mtupu kila Jumanne.

Mstari huo ulikuwa wa nyumba ya watoto wachanga iliyo pembezoni mwa mji, chini ya mwanamke waliyemwita Nesi, muuguzi mstaafu. Watoto ishirini na sita, pointi mia tatu na themanini kwa wiki. Wiki ya kwanza hakuweka dau. Wala ya pili, wala ya tano. Wiki ya tisa ilipopita vilevile, Mama Sawasawa alimwita Mchumi.

"Haya, msomi wangu. Huyu hapa. Simu haijui, mnada hauelewi, na wachanga ishirini na sita wanalala njaa kwa ajili ya namba zako. Si nilikwambia mnyonge atalamba mwiko?"

Uso wa Mchumi ukamshuka. "Nimempigia mara mbili, mama. Anasema yuko salama, nisijali. Sikujua nifanye nini."

"Mimi najua," Mama Sawasawa akasema. Akapakia unga, maziwa na sukari kwenye lori, akaketi kando ya Breki. Kwa mara ya kwanza alikuwa anakwenda mwenyewe.

Nyumba ya Nesi ilikuwa safi mpaka inang'aa. Kuta nyeupe, madirisha wazi, vitanda vidogo vimepangwa safu mbili. Nesi, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, alimpokea mlangoni.

"Karibu dada! Mama Sawasawa mwenyewe! Umekuja kunikata vipande thelathini na vinne?"

"Nimekuja kukuletea chakula. Wiki tisa huchukui kitu."

Nesi akamshika mkono, akampeleka stoo. Maziwa ya watoto yalijaa rafu. Kiwanda cha maziwa kilikuwa mtaa wa pili, kikimletea moja kwa moja. Unga alipewa na majirani. "Chakula ninacho, dada yangu. Sikukosa hata kabla. Ulikuwa unaniletea maharage kwa watoto wasio na jino hata moja. Nilikuwa nawapa majirani, nao ndio wananipa unga."

"Sasa unangoja nini?"

Nesi alimrudisha kwenye chumba cha vitanda, akasimama katikati. "Unasikia nini?"

Alitega sikio. "Sisikii kitu."

"Watoto ishirini na sita, dada. Mchana kweupe."

Ndipo akawaangalia vizuri. Wengi walikuwa macho. Walilala chali, wakitazama dari, na wala hawakulia.

"Mtoto akilia mara ya kwanza asijiwe na mtu, analia tena," Nesi alisema polepole. "Akilia siku tatu, siku nne, asijiwe na mtu, anaacha. Si kwamba ametulia. Ameelewa. Wageni wakija husifu, lo, watoto wako wapole! Mimi nikirudi chumbani nashindwa kulala."

Akamfungulia mlango wa nyuma. Uani palikuwa na wanawake watatu wameinama juu ya mabeseni, na nepi za kitambaa zimeanikwa kamba kwa kamba mpaka kwenye ukuta. Nepi mia mbili na zaidi kwa siku, mashuka, nguo. Mmoja alisimama kusalimia, akamnyooshea mgeni kiwiko, kwa kuwa viganja vyake vilikuwa vimepasuka, havishikiki.

"Wanangu hawa si wabaya," Nesi alisema. "Lakini mikono yao iko kwenye maji tangu kunapokucha mpaka jua linazama. Mkono ulio kwenye beseni haupakati mtoto. Basi mimi nangoja mashine ya kufulia. Kubwa, kama ile ya hoteli."

"Nani amekwambia itakuja?"

"Hakuna. Lakini tanuri la hoteli si lilikuja? Nilisikia habari zake." Alisema bila kumsuta, ndiyo maana neno lake lilichoma. "Kwenye mgao wako mashine nisingeipata hata ningeishi miaka mia. Leo, ikija, nina cha kusema. Kwa hiyo nakaa kimya, nayaweka maneno yangu."

Mama Sawasawa aliomba maji ya kunywa, akayanywa amesimama. Alikuwa akijaribu kukumbuka kama katika nyumba aliyolelewa yeye kulikuwa na kilio cha mtoto. Mwiko aliukumbuka, na mpishi, na baridi ya sakafu. Kilio hakukikumbuka hata kimoja.

Wiki mbili baadaye hoteli moja ilifunga milango, ikaleta ghalani vitanda, masufuria, na mashine ya kufulia yenye urefu wa mtu mzima. Mama Sawasawa aliizunguka mara tatu. Kisha akamwita Mchumi pembeni.

"Hii tuiandike jina la Nesi, yaishe."

Binti alifunga daftari lake. "Mama, wewe ndiye mkuu hapa. Ukisema iende, itakwenda, na mimi nitafurahi. Lakini kwa Nesi ulifika. Kwa wale thelathini na watatu hujafika. Labda yuko mwenye shida kubwa kuliko yake, naye hatumwoni."

Hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe ya miaka yote, hakuna kipenzi, yakimrudia kwa mdomo wa mtoto wa watu. Alipiga moyo konde, akaandika kwenye orodha kwa mkono wake: mashine ya kufulia, moja.

Jumanne hiyo hakuweza kunywa hata chai. Saa sita ilipogonga, madau yakafunguka, akatafuta mstari. Nyumba ya wagonjwa wa kitandani: elfu mbili na mia sita. Nao walikuwa na mashuka yao, nao walikuwa na mikono iliyopasuka, na hakuwa amewafikiria hata kidogo. Kisha akaona chini yake: nyumba ya watoto wachanga, elfu nne, mia moja na themanini. Ilikuwa akiba yote. Wiki kumi na moja, hajabakiza pointi hata moja.

"Angeipata hata kwa elfu mbili na mia saba," Mchumi alinong'ona.

"Hakutaka kubahatisha," Mama Sawasawa alisema, na machozi yakamtoka mbele ya wapakuzi, bila haya. Wiki kumi na moja za uvumilivu zilikuwa zimeingia kwenye namba moja, na namba hiyo imesafiri kutoka pembezoni mwa mji mpaka ukutani kwake, bila barua, bila magoti, bila kumjua mtu. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Mpakuzi mmoja alivua kofia.

Mashine ilifungwa Alhamisi. Wanawake watatu wa uani walisimama mbele ya kioo chake cha mviringo wakitazama nepi zikizunguka, na ilipomaliza duru ya kwanza wakatazamana. Mmoja alijifuta mikono kwenye kanga, akajifuta tena ingawa ilikuwa mikavu. Ilionekana hajui aiweke wapi. Halafu akaingia chumbani, akamwinua mtoto wa kitanda cha kwanza. Mtoto alikakamaa kama kijiti. Hakujua kupakatwa. Mwanamke akaketi naye sakafuni, akakaa, akakaa, mpaka kile kichwa kidogo kikalala begani pake.

Mwezi mmoja baadaye Breki alipita pale na mzigo, naye Mama Sawasawa kando yake. Hawakufika hata getini, kelele zikawapokea. "Kuna nini humo?" Breki akashtuka, akakanyaga breki. Nesi alikuwa anakuja mbio, mikono juu. "Wanalia! Dada, sikia, wote wanalia! Tangu wiki iliyopita hatupati usingizi!" Alikuwa anacheka huku anajifuta macho. Mama Sawasawa alishuka, akasimama uani kwenye jua, akasikiliza kila sauti.

Bodi ilipokutana, mwenyekiti alimpa nafasi. Watu walijua ulimi wake, wakajiandaa.

"Miaka kumi na tisa niligawa vitu sawasawa," alisema, "na sijutii, kwa sababu hakuna aliyedhulumiwa kwa makusudi. Lakini nilikuwa najua walichopokea tu. Walichohitaji sikukijua, na mtu mmoja, hata angekuwa malaika, asingekijua. Kiko kwenye vichwa thelathini na vinne, kila kichwa na chake. Usawa wangu sijautupa. Umo kwenye pointi, na hapo nitaulinda kwa meno. Vitu viende vinakoitwa. Mnada uendelee."

Ukaendelea. Mchumi aliandika barua kwa hoteli na madobi wakubwa wa mji, akawaonyesha dau la wagonjwa wa kitandani lililoshindwa, elfu mbili na mia sita, kubwa kuliko dau la kitu kingine chochote msimu ule isipokuwa la Nesi. Hakuwaomba kwa machozi, aliwaonyesha namba. Kabla ya mwaka kwisha zilikuja mashine nne. Ya kwanza ilikwenda kwa wagonjwa. Kisha binti akahamishwa kwenda kuanzisha ghala kama hilo mji mwingine, na Mama Sawasawa akamsindikiza mpaka kituoni, akambebea begi mwenyewe.

Ikawa desturi ghalani, bila mtu kuitangaza, kwamba kila Jumanne ikibaki dakika tano saa sita itimie, wapakuzi waliacha walichokuwa nacho wakaja kusimama mbele ya ukuta. Jumanne moja ilikuwa zamu ya nyumba mpya, ya thelathini na tano, ya watu waliotoka kifungoni wasio na pa kwenda. Ilikuwa mara yao ya kwanza. Walikuwa na pointi mia mbili na kumi, na orodha ilikuwa na mchele, mablanketi, mafuta, viatu. Madau yakafunguka. Pointi zao zote mia mbili na kumi walikuwa wameziweka kwenye boksi moja la miwani ya kusomea.

Wapakuzi wakaguna kwa mshangao. "Miwani?" Breki akasema. "Mama, hawa wana nini? Twende tukawaulize?"

Mama Sawasawa alikuwa bado anaitazama namba ile, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayesomewa barua ya ndugu ambaye hakujua kama bado yuko hai.

"Tutawauliza," alisema. "Lakini pakia kwanza."